Behewa la treni limebaki shambani Ngomeni. Nalirudishaje lilivyokuwa?

BintiWaNgomeni

Habari zenu wana Tanga na wapenzi wa reli. Shikamoo kwa wakubwa.

Swali langu ni refu kidogo, nivumilieni. Marehemu mjomba ametuachia shamba la michungwa Ngomeni, upande wa kwenda Muheza, na ndani ya shamba kuna behewa la treni. Halina magurudumu. Limekalishwa juu ya mawe, limeezekwa bati, na mimi tangu utotoni nalijua kama duka: sukari ya kupima, mafuta ya taa, sabuni za mche, sigara moja moja. Duka lilipokufa likawa stoo ya machungwa. Mjomba alilipata kwenye mnada wa mabehewa mabovu, na karatasi ya mnada ipo na mhuri wake, ingawa panya wameshakula kona moja.

Ndani mbao nyingi bado ngumu. Madirisha ya upande mmoja yanapanda na kushuka kwa mkanda wa ngozi, ya upande wa pili yamepigiliwa mabati. Sakafu mjomba aliimwagia zege ili magunia yasishike unyevu. Nje ni rangi ya bluu ya duka, chini yake ipo rangi nyingine, na chini ya hiyo ipo nyingine tena.

Nataka lirudi lilivyokuwa, nilisogeze hadi kando ya barabara, niuze humo chai, chapati na supu. Sasa:

Je, ni kweli ni la Mjerumani, kama wasemavyo wote hapa kijijini? Nianzie wapi, ndani au nje? Na hilo zege lina madhara, au ndilo lililolitunza?

Halafu kuna kero moja. Wameshakuja vijana na kifaa cha kupima madini, wanataka nigawane nao kitakachopatikana wakichimba chini yake. Nimewafukuza, lakini wanazungukazunguka.

KijiweRaskazone

Pole na msiba, dada. Ushauri wangu hautakupendeza. Behewa bovu linakula hela na halishibi. Mwite fundi wa kuchomelea akate kinachooza, piga rangi, weka meza sita na feni mbili, bandika chai. Mteja wa chapati haulizi mbao ni ya mwaka gani.

Na huyo Mjerumani tumwache apumzike. Tanga hii kila chenye kutu ni cha Mjerumani. Tangi la maji la shule yetu lilikuwa la Mjerumani hadi siku lilipopakwa upya, likakutwa limeandikwa Mombasa.

MkongeDamu

Mimi naona huenda ni la reli ndogo ya Sigi. Ilitoka Tengeni, ambako si mbali na Ngomeni, ikapanda hadi Sigi chini ya milima ya Amani, kazi yake kushusha magogo wakati wa Mjerumani. Upana wa njia ulikuwa sentimita 75. Majengo ya stesheni ya Sigi yapo hadi leo, wageni wa hifadhi ya Amani wanayapitia. Mashamba ya mkonge nayo yalikuwa na vireli vyao vya kusomba majani kwa vitoroli, vyembamba zaidi. Chukua futi ya chuma upime, kisha utuambie.

BintiWaNgomeni

Nimepima kwa kamba kisha kwa futi. Urefu mita 12 na nusu, upana mita 2 na sentimita 70. Chini kuna boriti ndefu za chuma pande zote mbili, na karibu na kila mwisho kuna bamba la chuma la duara lenye tundu katikati. Kuna na vyuma virefu vya mviringo vinavyopita chini ya sakafu, kimoja kimelegea unaweza kukitikisa kwa mkono.

SeremalaWaMabehewa

Marahaba mwanangu, na pole kwa mjomba. Mungu amrehemu, alikuwekea kitu.

Mimi nilikuwa seremala wa mabehewa. Niliingia karakana nikiwa kijana, enzi za East African Railways. Shirika likavunjika mwaka 1977 nikiwa na patasi mkononi, nikaendelea na TRC, shirika la reli la Tanzania, mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo nitakujibu mambo ya mbao na vyuma vinavyoshika mbao. Injini wapo watakaokueleza.

La Sigi tuliweke kando. Njia ya sentimita 75 haibebi behewa la ukubwa huo. Yale mabamba ya duara ndipo bodi, yaani behewa lenyewe bila magurudumu, lilipokalia bogi zake mbili, kila bogi na magurudumu manne. Hilo ni behewa la njia ya mita moja, yaani njia hii hii inayopita Ngomeni.

Sasa Mjerumani. Reli ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoijenga ilifika Muheza mwaka 1896, kilometa 40 tu, hela zikaisha. Serikali yao ikaichukua mwaka 1899 na kuisukuma mbele: Korogwe mwaka 1902, kisha Mombo, kisha ikakaa kaa njiani huko Buiko, ikafika Moshi mwaka 1911, jumla kilometa 352. Vita ilipoanza, kamanda wao Lettow-Vorbeck aliwashusha askari wake kwa treni kutoka Moshi, ndivyo alivyowahi kuwapiga Waingereza waliotua Raskazone Novemba 1914. Mwaka 1916 Waingereza wakaitwaa njia yote. Hesabu mwenyewe: Mjerumani aliendesha treni hapa miaka ishirini hivi. Baada yake wamekuja Tanganyika Railways, kuanzia mwaka 1948 East African Railways and Harbours, kisha TRC. Miaka ya Mjerumani ni kipande kidogo, ila yeye ndiye anayekumbukwa kwa kila msumari.

Kijiji hakiwezi kukujibu hili, behewa linaweza. Kila mwenye reli aligonga herufi zake kwenye vyuma. Pita na tochi na brashi ya waya laini, tafuta TR, EAR, TRC kwenye vitasa, bawaba, vishikizo vya madirisha, vyuma vya rafu za mizigo, na ubavuni mwa zile boriti ndefu. Tafuta sahani ya mtengenezaji, kawaida hukaa chini karibu na mwisho wa behewa. Kama imeng'olewa, utakuta matundu yake na umbo lake kwenye rangi. Makoloni ya Mwingereza yaliagiza mabehewa kwa kampuni kama Gloucester Railway Carriage and Wagon na Metropolitan-Cammell ya Birmingham, na hao hawakuona haya kuandika majina yao.

Ila uwe na tahadhari. Karakana yetu haikutupa kitu. Kitasa kizuri cha behewa lililokufa kilihamia kwenye behewa lililo hai. Herufi moja kwenye kitasa haikupi umri wa behewa. Zikijirudia mahali pengi, na zaidi kwenye boriti, hapo ndipo uanze kuamini.

Kuhusu vijana wa kupima madini, wasikanyage hapo. Hao wanatafuta rupia au hiyo zebaki nyekundu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kweli zipo sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, Mjerumani alizipiga Tabora mwaka 1916, tena kwenye karakana ya reli, alipokuwa amezibwa njia zote za bahari. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu aliyezika dhahabu chini ya behewa, kitu ambacho kazi yake ni kuondoka. Wakichimba hapo watalegeza mawe, bodi litakaa upande, na mbao za pembe zitachanika. Hasara hiyo ndiyo watakayokuachia.

Sasa kazi. Unauliza ndani au nje. Anza chini na juu. Nje na ndani ni mwisho kabisa.

Kabla ya chochote, jenga banda. Miti ya mkaratusi na bati, refu kuliko behewa mita moja kila upande, uweze kupita na ngazi. Bati alilopiga mjomba usilitoe hata shuka moja kabla banda halijasimama. Bati hilo ndilo lililokuwekea behewa mpaka leo. Mvua ya masika ikiingia kwenye paa lililofunguliwa, wiki moja inaharibu kilichosimama miaka hamsini.

Kisha shughulikia mgongo. Behewa likiwa na bogi linabebwa sehemu mbili tu, pale kwenye mabamba ya duara. Mkiliweka juu ya mawe hapa na pale, linabebwa pasipotakiwa, katikati linapanda au linazama. Vuta uzi kutoka pembe moja hadi nyingine chini ya madirisha, uone umepotoka kiasi gani. Hivyo vyuma virefu vya mviringo ni vya kuzuia mgongo usizame. Katikati yake utaona nati ndefu ya kukazia. Usikaze leo! Mwagia mafuta mepesi, acha, mwagia tena. Weka jeki mbili chini ya sehemu za mabamba, inua kidogo kidogo, weka vipande vya mbao ngumu, pumzika. Mbao iliyopinda miaka mingi hainyooki kwa siku moja, na ukiilazimisha inapasuka kwenye viungo. Robo mzunguko ya nati leo, nyingine wiki ijayo, na uzi wako upo hapo hapo unapima.

Zege ni adui yako. Mjomba alikuwa na nia njema, lakini zege linashika maji na kuyapeleka kwenye boriti za mbao za pembeni, zile zinazolala chini ya kuta. Nenda kachokonoe na bisibisi mahali ukuta unapokutana na sakafu. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, boriti imekwisha. Kulitoa, usipige nyundo kubwa, mtikisiko utafungua viungo vya kuta. Likate vipande kwa grinda, kata juu juu, kisha uinue kipande kimoja kimoja kwa mtaimbo. Uzito ukishatoka, angalia uzi tena, utashangaa.

Mbao. Usikubali fundi akwambie tung'oe yote tuweke mpya. Kata palipooza mpaka ufike penye afya, unga kipande kipya kwa mshazari mrefu, urefu wa mshazari uwe mara sita au zaidi ya unene wa ubao. Mbao ya kuungia iwe kavu na ya jamii ile ile. Mabehewa mengi yalikuwa ya mtiki, na mtiki hauhitaji kuagizwa kutoka Burma siku hizi, shamba la Longuza lipo hapo hapo wilayani kwako Muheza. Mvule nao unafaa kwa boriti. Hesi ziwe za shaba. Ya chuma kwa hewa hii ya bahari itavuja kutu kwenye ubao kabla hujarudisha hela ya chai.

Ukifungua mbao za ndani, utaona kwenye viungo alama zimekatwa kwa patasi: I, II, V, X na kuendelea. Hao ni maseremala wa kiwandani waliohesabu vipande vyao. Usizipige msasa. Wewe nawe andika namba zako kwa penseli nyuma ya kila ubao unaoutoa, na piga picha kwa simu kabla ya kuutoa.

Paa tutaongea ukifika huko. Kwa kifupi: chini ya bati la mjomba unaweza kukuta turubai la pamba lililotandikwa juu ya mbao na kupakwa rangi nzito tabaka juu ya tabaka. Kwa kazi hiyo, na kwa kuziba mianya, watafute mafundi wa majahazi wa Pangani au hapa Tanga. Anayejua kutia kalafati kwenye jahazi behewa halimsumbui.

Rangi. Hapa sikufanyii mzaha. Rangi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake. Usipige msasa mkavu, usichome kwa moto. Lowesha maji, kwangua, vumbi lote likusanywe kwenye mfuko, barakoa ya maana usoni, watoto mbali. Na kama kwenye dari au kuta utakuta kitu cheupe au kijivu cha nyuzi nyuzi kimejazwa kati ya mbao na bamba, simama. Asibesto ilitumika sana kwenye mabehewa, na vumbi lake halitoki mapafuni. Funga mlango, tafuta wataalamu.

AuroraNaTanga

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Mimi ni mtoto wa Chumbageni, sasa naishi Aurora, jimbo la Illinois, Marekani, na ninachokisoma hapa ni kama mnazungumzia wazee wa huku.

Huku mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa na treni za umeme zilizounganisha mji na mji, gari moja au mawili tu, zinapita mashambani na kuingia hadi katikati ya mji kama basi. Kufikia mwaka 1916 njia zake zilikuwa zaidi ya kilometa 24,000 nchi nzima. Magari yalikuwa ya mbao, paa lina ngazi ya pili katikati yenye vidirisha vya hewa, madirisha makubwa yana tao la vioo vya rangi kwa juu, na chini ya sakafu kuna vyuma hivyo hivyo vya kukaza mgongo. Kisha yakaja magari ya watu binafsi na barabara za lami, kampuni zikaanguka moja baada ya nyingine. Ya hapa Aurora, iliyokwenda Chicago, iliacha kubeba abiria tarehe 3 Julai 1957 katikati ya mchana. Watu waliokuwa wamepanda asubuhi kwenda kazini wakakosa treni ya kurudia nyumbani.

Njia zilipokufa, chuma na mota ziliuzwa kwa kilo, mabodi yakauzwa kwa bei ya kutupa. Wakulima wakayafanya mabanda ya kuku, wengine nyumba za likizo, wengine vibanda vya chakula. Ndiyo maana nikacheka niliposoma duka la mjomba. Mengi yaliyopona ni yale ambayo mtu aliyajengea paa au alijenga nyumba nzima kuyazunguka. Miaka sitini baadaye nyumba inabomolewa, ndani linatokea gari la mwaka 1905 na vioo vyake.

Wanaojitolea huku wanafanya alivyosema mzee: banda kwanza. Makumbusho ya reli ya Illinois, mji wa Union, yana mabanda marefu yamejaa magari. Na hapa jirani, South Elgin, lipo gari namba 20 lililotengenezwa na kampuni ya Niles, Ohio, mwaka 1902, na bado linatembea kwa umeme, nimelipanda na wanangu. Ukikaa ndani unasikia mbao zikilia kila kona, ila halivuji.

Kitu kimoja wanachofanya ambacho mzee hajakitaja: wakipata bodi lisilo na magurudumu, wanatafuta bogi za gari jingine lililovunjwa zenye vipimo vinavyolingana, wanaliweka juu yake na kulirudisha kwenye reli. Dada, kwa nini usitafute bogi mbili na kipande cha reli? Litapendeza zaidi kuliko mawe.

KijiweRaskazone

Huko Illinois watu wamestaafu na pensheni nene, wana Jumamosi za kuchezea. Huyu dada ana shamba la machungwa na ada za watoto.

SeremalaWaMabehewa

Kijiwe, safari hii tuko pamoja, ingawa si kwa sababu yako.

Mwanangu wa Aurora, asante, umenifurahisha, na huyo namba 20 nitamtafuta kwenye video. Lakini bogi na reli kwa hapa kwetu ni habari nyingine. Reli, mataruma na bogi ni mali ya umma. Atakayekuja kukuuzia kipande cha reli kwa bei nzuri usiku, amekiiba, na reli hizi bado zina kazi: treni ya abiria ilianza kurudi Moshi Desemba 2019 baada ya kukosekana miaka na miaka. Polisi wakikuta reli chini ya hoteli yako ya chai, karatasi ya mnada ya behewa haitakuokoa. Kama unataka bogi kweli, andika barua rasmi uombe chakavu, upewe kwa stakabadhi. Ikishindikana, jenga nguzo mbili nene za mawe na saruji pale pale penye mabamba ya duara, weka ubao mgumu katikati ya nguzo na chuma, behewa litakaa vizuri maisha yako yote. Nguzo zizibwe mbele kwa maua, nani atachungulia.

Na hiyo karatasi ya mnada, kaitolee nakala leo, si kesho, kabla panya hawajamaliza.

Kuhusu chai sina ugomvi nawe, Kijiwe. Behewa lisilo na kazi linakufa mara ya pili. Mimi ningemwambia aache hata rafu moja ya duka la mjomba mahali pake, na bei zilizoandikwa kwa chaki kama bado zipo. Duka ni sehemu ya maisha ya behewa hilo kama reli ilivyokuwa. Na jiko lisikae ndani. Mafuta ya chapati na mbao za mtiki za miaka sabini, ukutani moja kwa moja! Jenga jiko la tofali nyuma, behewa libaki la kukalia.

MkongeDamu

Nimekubali kushindwa kuhusu Sigi. Kwa wanaopenda picha: chuo kikuu cha Frankfurt kina hifadhi ya picha za makoloni ya Mjerumani, zimo mtandaoni, na za reli ya Usambara zipo. Unaweza kulinganisha umbo la madirisha. Na ukipita Nairobi, makumbusho ya reli yana vichwa viwili vikubwa vya mvuke vya EAR vyenye majina ya milima yetu, Gelai na Shengena. Huyo Shengena unamwona milimani Upare ukiwa unakwenda Same, lakini chuma chenye jina lake tumewaachia Wakenya.

BintiWaNgomeni

Mzee shikamoo tena, nimerudi na majibu.

Herufi: T.R. zipo kwenye vyuma vyote vya rafu za mizigo, na kwenye vishikizo vya madirisha yale yanayopanda na kushuka. Kwenye boriti bado sijafika, kuna kutu nene. Sahani hakuna, ila yapo matundu manne na alama ya umbo la yai.

Rangi nimekwangua kwa maji kipande kidogo kama kiganja, karibu na mlango. Bluu ya duka, chini yake krimu chafu, chini yake damu ya mzee, na chini kabisa kahawia iliyoiva inayong'aa kama vanishi.

Sakafuni, mahali zege lilipovunjika, naona matundu ya bolti yamejipanga kwa mistari miwili kufuata urefu wa behewa, karibu na kuta.

Boriti ya mbao upande wa mashariki ni ngumu. Upande wa magharibi, ulikokuwa mlango wa duka, bisibisi imezama yote.

Na dari sijaona nyuzi nyuzi, ni mbao tupu.

SeremalaWaMabehewa

Marahaba. Umefanya kazi ya mkaguzi.

Mistari miwili kando ya kuta maana yake mabenchi marefu, abiria wanatazamana. Hilo ni daraja la tatu, la watu wetu, wenye vikapu na kuku. Sina haja ya kukwambia tena usitafute viti vya sofa. Benchi la mbao za vipande, mgongo umeegemea chini ya dirisha, ndilo lililokuwa pale, na matundu yanakupa vipimo bure.

T.R. ni Tanganyika Railways, na kwa kuwa zimejirudia kwenye rafu na madirisha, mimi naegemea kwamba behewa ni la kabla ya mwaka 1948, la wakati wa Mwingereza. Kijiji kitanichukia. Boriti ndiyo itakayoamua, kwa hiyo hapo kwenye kutu usitumie grinda, tumia brashi na mafuta, maana namba zikigongwa juu juu grinda inazifuta zote. Hiyo kahawia ya chini kabisa usiimalize kukwangua. Acha hicho kiganja kilivyo, kizungushie fremu ndogo na kioo, wateja waone tabaka zote. Nje paka rangi uitakayo kati ya hizo za zamani. Damu ya mzee inaficha vumbi la Ngomeni kuliko krimu.

Upande wa magharibi ndiko pesa yako itakakokwenda. Usikate boriti yote kwa mpigo. Kata hatua moja, unga, kaza, ndipo uende hatua ya pili, na ukuta wa juu uwe umetegemezwa muda wote. Kama una fedha ya jambo moja tu mwaka huu, fanya banda na boriti hiyo, mengine yasubiri machungwa ya msimu ujao. Kulisogeza barabarani ni baada ya hapo, si kabla. Bodi lenye boriti mbovu likiinuliwa na kreni linakunjika katikati.

Sasa nijibu hili: vyuma virefu vya mviringo viko vingapi? Behewa la aina hiyo linatakiwa kuwa navyo jozi, kulia na kushoto, vinavyolingana.

BintiWaNgomeni

Kulia viwili. Kushoto kimoja, ndicho hicho kinachotikisika.

Nimemuuliza shangazi, akacheka. Cha nne kiko kwa jirani, kimekuwa komeo la geti la zizi la ng'ombe, mjomba alimwazima miaka hiyo na hakikurudi. Nimekwenda kukitazama. Kimenyooka, hakina ufa, nati yake ndefu bado imo imejaa samadi. Jirani anasema atakitoa nikimletea komeo jipya na magunia matatu ya machungwa.

SeremalaWaMabehewa

Mpe manne.